Waliopunguzwa Kidato cha Nne

Shule ile ilikuwa ndogo, hata kipande cha reli walichokuwa wakigonga kama kengele kilipoibwa, hakuna aliyehangaika kutafuta kingine. Mlinzi alisimama uani akapaza sauti, "Haya, ingieni!" na shule nzima ikaingia. Kidato kimoja, chumba kimoja. Walimu nao walikuwa wachache, na mmoja akipata homa, masomo mawili yalilala kitandani pamoja naye.

Shule kubwa za mjini zilichagua watoto kama mnunuzi anavyochagua nyanya sokoni, akibonyeza moja moja. Waliobaki chini ya tenga ndio waliopanda mlima kwenda shule ile. Na hakuna aliyewajua kama Fundi, mjane mwenye cherehani karibu na stendi, maana sare zote za shule zilipita mikononi mwake, na kila mtoto alimpima kiuno. Alimjua msichana aliyerudi masomoni baada ya kujifungua, akaomba sketi iachiwe kitambaa ndani, "kwa maana mwili wangu haujaamua, Fundi." Aliwajua ndugu wawili waliopokezana sweta moja, wakigombana asubuhi ya baridi kama kuku kwa punje. Alimjua kijana waliyemwita Ndevu, mkubwa kuliko mwalimu wake wa jiografia, ambaye suruali zake zilitoboka magotini kwa sababu jioni alipiga magoti kwenye machimbo, akiponda kokoto na mama yake.

Na alikuwamo wa kwake. Tena wawili, darasa moja.

Mdogo walimwita Profesa. Huyo darasani alikuwa wa kwanza tangu kidato cha kwanza, na nyumbani alikuwa hajui kijiko kinakaa wapi. Mkubwa alikuwa binti, amepewa jina la mama mzaa baba, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina lake, walimwita Bibi. Bibi alimzidi mdogo wake miaka miwili, lakini baba yao alipoanguka akapooza upande mmoja, ilibidi mmoja wa nyumba ile abaki naye. Fundi angebaki, cherehani ingelala na chungu kingelala. Akabaki Bibi. Alijifunza kumgeuza mzee asipate vidonda, kumnyoa, kumlisha uji bila kumpalia, kumchekesha. "Bibi yangu," mzee alikuwa akisema kwa ule upande wa mdomo uliobaki, "utanizeesha kwa kicheko." Walipomzika, Bibi alirudi shule akakuta darasa lake limeondoka, na dawati lililokuwa wazi lilikuwa nyuma ya mdogo wake.

"Shikamoo, kaka," alimwambia Profesa siku ile ya kwanza, na darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka nao. Lakini vitu viwili havikurudi: hesabu, na ile tabia ya kunyoosha mkono.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwembamba, mpole, suruali yake imepigwa pasi kila siku, na neno lake lilikuwa moja. Asubuhi mstarini, wastani. Kwenye kikao, wastani. Hata kwenye msiba wa mpishi wa shule alisema marehemu aliishi umri mzuri ukilinganisha na wastani. Wanafunzi wakamwita Wastani, na jina likamshika hata wazazi wakawa wanajing'ata ulimi mbele yake.

Mwaka ule Wastani aliita kikao cha kamati ya shule. Fundi alikuwa mjumbe, kiti alichokirithi kwa mumewe, ambaye enzi zake alibeba mawe ya kuta zile begani pamoja na majirani. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu.

"Wazazi wangu," alisema Wastani, "ofisi ya elimu wamesema. Tumeshika mkia miaka miwili. Tukiushika tena mwaka huu, tunaunganishwa na shule ya ng'ambo ya mto."

"Ng'ambo ya mto!" mzee mmoja alisema. "Wakati wa mvua watoto watapita juu ya nini? Juu ya maji?"

"Ndiyo maana nimewaita. Sikilizeni. Shule kubwa ina watahiniwa mia tatu. Kumi wakianguka, ni chumvi kwenye pipa, nani ataionja? Sisi kidato cha nne kizima kinaenea chumba hiki. Mmoja akipata sifuri, ni chumvi kwenye kikombe cha chai. Nani atakunywa?"

"Mimi sinywi," alisema mwenyekiti, mwenye duka la saruji, na watu wakacheka.

"Basi tufanye wanavyofanya wengine. Baada ya mtihani wa majaribio, wale walio chini ya mstari tuwasajili mjini kama watahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni ule ule, siku ni ile ile. Ila alama zao hazihesabiwi kwetu."

"Hiyo si kuwafukuza?" aliuliza yule mzee.

"Kufukuza nani, mzee wangu? Wanabaki watoto wetu. Tunawapunguza tu."

Fundi alizitazama kuta. Alikumbuka bega la mumewe lilivyochubuka siku zile, alivyokuwa akimkanda kwa maji ya moto. Aliwafikiria watoro, wale wa kuvuta sigara nyuma ya choo, wanaokuja shule kama watu wanaopita njia. Akasimama.

"Mimi ni mshona nguo, sijui hesabu za wakubwa," alisema. "Lakini samaki mmoja akioza, tenga zima linatupwa. Tuwatoe tuiponye shule." Akanyoosha mkono. Na mikono mingine, iliyokuwa ikisubiri wa kwanza, ikamfuata.

Maneno yale yalishuka mlima kabla yake. Alipofika stendi, muuza magazeti alimsalimu, "Habari za samaki, Fundi?" Naye akacheka, kwa kuwa alisifiwa.

Mtihani wa majaribio ulifanyika. Majina ya kwanza yakatoka, watano, na Ndevu alikuwa wa pili. Siku hiyo hiyo mama yake akatokea mlangoni kwa Fundi na shati la mwanawe mkononi, kope zake nyeupe kwa vumbi la mawe.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwenzangu. Vuta kiti."

"Sikai. Nitachafua vitambaa vya wenye akili." Akaliweka shati juu ya cherehani. "Nasikia wanaokwenda mjini hawaruhusiwi kuvaa sare. Unifungulie hii nembo ya mfukoni. Samaki aliyeoza hana shati jingine."

Fundi alihisi uso unawaka moto. "Mwenzangu, mimi sikumsema mwanao."

"Ulimsema wa nani? Mtaje, nikampe pole mama yake."

Fundi alilivuta shati karibu. Akachukua wembe, akaanza kukata uzi mmoja mmoja. Nembo ilipotoka, mahali pake pakabaki na bluu iliyokolea, kama kidonda kilichopona vibaya.

"Kwani wako wote wawili wamebaki?" aliuliza mama Ndevu.

"Wamebaki."

"Mungu akuzidishie," alisema yule mama, na jinsi alivyosema haikuwa dua. Akachukua shati akaenda zake.

Lakini hesabu zilikuwa zinasahihishwa mwisho, kwa kuwa mwalimu wake alikuwa amelazwa. Ziliporudi, Wastani alishuka mlima mwenyewe jioni, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Nimekuja mwenyewe, mama. Sikutaka uyasikie barabarani."

Fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio. "Ni Bibi?"

"Ni Bibi. Masomo mengine alikuwa anajikongoja, anafika. Hesabu imemwangusha. Yuko chini ya mstari, kidogo tu, lakini chini."

Nje gari lilipiga honi, utingo akaita abiria. Fundi alizitazama pini kwenye kijaluba chake kama mtu anayezihesabu.

"Sasa nisikilize," Wastani alisema, akishusha sauti. "Mimi si jiwe. Binti huyu namjua alikotoka, na baba yake najua alichobeba. Nimepiga hesabu. Mmoja tunaweza kumbeba. Tutashuka kidogo, ila mkia hatutashika. Wewe sema neno moja tu, abaki afanye na wenzake. Usajili haujafungwa."

"Na Ndevu?"

"Ndevu ni Ndevu, mama."

"Nitamwambia nini mama yake?"

"Kwani lazima umwambie?"

Hapo ndipo Fundi alipokosea, na kosa lenyewe lilikuja limevaa nguo ya ibada. Alikuwa mtu wa sala. Tangu ujane wake alijiwekea kwamba hatakula cha mtu wala hatapendelea mtu, ili Mungu awe na sababu ya kumtazamia watoto wake. Mtaa mzima ulimjua hivyo. Hata vipande vya kitambaa vilivyobaki alimrudishia mwenye nguo. Akaona huu ndio mtihani wake yeye.

"Mwalimu," alisema, "mkono niliounyoosha kwa watoto wa wenzangu, siwezi kuukunja kwa wa kwangu. Mwandike na hao watano."

"Fikiri kwanza, mama."

"Nimekwisha fikiri. Haki ni haki."

Wastani aligeuza kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa. "Watu kama nyinyi ni wachache," alisema, lakini hakusema kama anayesifu. Akaondoka.

Fundi alipogeuka, Bibi alikuwa kwenye mlango wa nyuma, ndoo ya maji bado kichwani. Alikuwa amesimama wima kabisa, na maji hayakutikisika hata kidogo.

"Mwalimu alisema nibaki," alisema Bibi.

"Alisema."

"Na wewe ukasema niende."

"Mwanangu, nikutue ndoo kwanza..."

"Naweza kutua mwenyewe." Akaitua, taratibu, akapangusa mikono kwenye kanga. "Mama, mimi sikasiriki. Nauliza tu. Baba alipoanguka, uliniita pale uani, ukaniambia Bibi, acha shule kwanza. Siku ile ulifikiria haki?"

"Siku ile tulikuwa na shida, mama yangu."

"Na leo?"

Fundi alirudisha mguu kwenye kanyagio, lakini hakukanyaga.

"Darasa lile nimeliacha mara moja kwa ajili ya nyumba hii," Bibi alisema. "Sikulalamika. Nilikuwa nataka tu kulimaliza nao. Hata kama ni kwa mkia." Kisha akaingia jikoni kuchochea moto, na baada ya kitambo akasikika akimuuliza Profesa kama amekula.

Tangu siku hiyo Bibi hakumnunia mama yake. Angemnunia, Fundi angejua pa kuanzia. Alimwamkia kila asubuhi, alimwitikia kila alipomwita, alimtilia maji ya kuoga. Ila kile kicheko chake, kile kilichomfanya marehemu aseme atazeeka kabla ya wakati, hakikusikika tena. Nembo ya shati lake aliibandua mwenyewe, akaiweka juu ya cherehani pamoja na sketi mpya ya mtihani ambayo Fundi alikuwa amemaliza kuipinda. "Hii mpe mwenye haki nayo," alisema. Kulikuwa na msichana wa kiuno kama chake. Fundi akampa.

Profesa alijaribu. Jioni moja alitoka na madaftari yake, akakaa karibu na dada yake. "Dada, njoo nikuonyeshe milinganyo. Ni rahisi, ni kama kugawa mkate."

"Gawa tu, kaka," alisema Bibi, akimpapasa kichwa. "Mimi nitakula utakachobakiza."

Asubuhi ya mtihani wa kwanza walitoka pamoja, mmoja amevaa sare, mwingine gauni la kijani la kwendea ibada. Kwenye njia panda Profesa alipanda mlima. Bibi alishika barabara ya mjini, rula na kalamu zikiwa kwenye mfuko wa nailoni unaoonekana ndani. Fundi aliwatazama kutoka mlangoni, akawaombea wote wawili, dua moja, kwa pumzi moja. Siku zote za mtihani zikawa hivyo. Bibi aliondoka asubuhi na kurudi jioni. Ukimuuliza, "Umeuonaje?" alijibu, "Tunamshukuru Mungu."

Matokeo yalipotoka, mlima uliwaka. Shule ile ndogo iliyokuwa mkiani ilikuwa imeruka hadi katikati, juu ya shule zenye maghorofa. Waliita wazazi. Mwenyekiti alitoa viti vya plastiki kutoka dukani kwake. Wastani alisoma wastani mara tatu, na mara ya tatu akatoa leso, akapangusa macho. Profesa aliitwa mbele kwa kuwa amefaulu kuliko wote, na Fundi akaitwa asimame pembeni yake. Wakapiga makofi. Aliwaona watu wamesimama, akamtafuta Bibi katikati yao. Hakuwapo. Wala mama Ndevu hakuwapo.

Watu walipotawanyika, mlinzi alimkaribia akiburuta viti.

"Hongera, Fundi. Ila yule binti yako mkubwa ana upendo, jamani. Sijaona dada wa namna ile."

"Kwa nini?"

"Si kumsindikiza mdogo wake! Ukiacha siku ya kwanza, kila siku ya mtihani alikuwa pale juu, nje ya uzio, kwenye lile jiwe linalotazama dirisha la kidato cha nne. Anakaa tangu wanaingia mpaka wanatoka. Nikamwambia, njoo ukae kivulini. Akasema hapana, hapa nawaona wote."

Fundi alishika mgongo wa kiti.

"Na kalamu mkononi," alisema mlinzi, akitikisa kichwa kwa kupendezwa. "Kama yeye ndiye anayefanya."

Jina la Bibi lilikuwepo kwenye matokeo ya mjini. Mbele yake palikuwa na somo moja, la siku ile ya kwanza. Lugha. Alikuwa amefaulu vizuri. Masomo mengine yote hakuwa amefanya. Ndevu alifanya yote, akaanguka, akarudi machimboni.

Jioni ile Fundi alimkuta Bibi anachambua mchele. Akakaa chini, kwenye sakafu, jambo ambalo mama hafanyi mbele ya mtoto bila sababu.

"Kwa nini, mwanangu? Kwa nini hukuingia?"

Bibi aliendelea kuchambua. "Niliingia siku ya kwanza. Ukumbi mkubwa, watu wazima, hakuna anayemjua mwenzake. Nikamaliza, nikageuka nyuma nimwambie mtu kwamba swali la pili lilikuwa gumu. Hakuna mtu." Akatoa jiwe moja, akalitupa. "Kesho yake miguu ikaenda inakokujua."

"Tutakupeleka ng'ambo ya mto urudie. Nitauza hata cherehani."

"Usiuze cherehani, mama."

"Nisamehe, Bibi."

"Nilishakusamehe siku ile ile, kabla sijatua ndoo," alisema Bibi, na ilikuwa kweli, Fundi aliiona usoni mwake kwamba ni kweli. "Lakini nimechoka kusamehe nikiwa humu ndani."

Kabla ya mvua aliondoka. Familia moja ya mbali ilikuwa na mzee aliyepooza, ikatafuta mtu anayejua kumgeuza mgonjwa na kumlisha. Profesa alimbebea begi mpaka stendi, akalia mbele za watu, profesa mzima. Bibi alimwinamia mama yake, akamuaga vizuri, kwa adabu zote.

Shule nayo haikupona. Habari za kupunguza zilisambaa, na wazazi wenye watoto wazito darasani, ambao ndio waliokuwa wakiijaza, waliogopa. Nani ampandishe mwanawe mlimani miaka mitatu ili mwaka wa nne aambiwe yeye ni chumvi? Kidato cha kwanza wakaja wachache, mwaka uliofuata wachache zaidi. Ofisi ya elimu ikaja tena, safari hii haikuuliza wastani. Ikahesabu vichwa. Wastani alihamishiwa mbali. Madirisha yakang'olewa. Watoto waliobaki waliambiwa wavuke mto.

Fundi anaendelea kushona. Siku hizi anajua kitu ambacho siku ile, Wastani akiwa mlangoni na kofia mkononi, hakikumpitia akilini: kwamba angeweza kusema wabaki wote sita. Wala Wastani hakukitaja. Walikuwa watu wawili wazima, wamesimama mbele ya neno jepesi kama hilo, na kila mmoja akatazama upande wake.

Bibi humpigia simu mdogo wake, na mwisho wa mazungumzo husema, "Nisalimie mama." Profesa hufikisha salamu. Fundi huuliza anakula? Amenenepa? Anacheka? Profesa husema, "Yuko salama," na kuangalia pembeni.

Akimaliza kazi Fundi hupiga magoti kando ya kitanda kama alivyozoea. Humwombea marehemu. Humwombea Profesa, na mama Ndevu, na hata Wastani huko aliko. Halafu hufika kwa binti yake, na hapo ulimi huwa mzito. Maana kile anachotaka kumwomba Mungu amfanyie Bibi, Mungu alikwisha kumtuma mtu akakileta mpaka mlangoni, jioni, kwa sauti ya chini, na yeye akakirudisha.

Hukaa hapo magotini, mikono imefunguka, mpaka miguu ife ganzi.